Kerneli ya Asilimia Tisini na Nane

Muulize jirani yeyote wa Kibagabaga, hapa Kigali, kuhusu Jean-Berchmans, atamsifu kabla hujamaliza kulitaja jina. Mtu mzuri yule. Hana neno na mtu. Hajawahi kumkatalia yeyote kitu. Wanasema hivyo kama vile wanamsifia mtu ukarimu, na hakuna aliyewahi kukaa chini akajiuliza inakuwaje binadamu mwenye miaka arobaini na mbili, mwenye mke na mtoto na akili timamu, apite duniani bila kusema hapana hata mara moja. Hiyo si sifa, jamani. Hilo ni gonjwa.

Ushahidi uko tele. Kanisani anaimba besi, na sauti yake si ya besi hata kidogo. Mwalimu wa kwaya alikuwa na upungufu wa besi, akamwomba, basi kila Jumapili anaunguruma pale nyuma mpaka koo linamuuma. Ana vidonda vya tumbo, lakini akikaribishwa mishikaki yenye pilipili anakula, kisha anaongezwa, kisha anakula tena. Ni katibu wa kamati tatu za harusi za watu asiowajua vizuri. Hata ndoa yake ilipatikana kwa mtindo huo. Huko Bujumbura, mtaa wa Buyenzi alikokulia, shangazi wa Alida, ambaye sasa ni mkewe, alimvuta pembeni akamuuliza kama anampenda mtoto wao, naye akajibu ndiyo kama anavyojibu kila kitu. Bahati yake, ile moja ilikuwa kweli.

Ofisini kwake Kigali walimwita Yego, ambayo ni ndiyo ya Kinyarwanda, na alipoitwa hivyo aliitikia.

Sasa angalia Mungu anavyopenda mchezo. Mtu huyu, kati ya kazi zote za dunia, alipewa ile ambayo nusu ya ustadi wake ni kukataa. Jean-Berchmans alikuwa fundi wa kerneli. Kerneli ni ile sehemu ya ndani kabisa ya mfumo wa kompyuta, inayoamka kwanza na kuziamsha nyingine. Shirika lake lilihudumia kompyuta za madarasa ya mafunzo hapa mjini, nyingi zikiwa kongwe, na mashine kongwe haziwezi kubebeshwa kerneli yoyote tu. Lazima ujenge inayozifaa. Na kabla ya kuijenga, unaulizwa maswali. Si kumi, si mia, ni maelfu. Prosesa yako, ule ubongo wa kompyuta, ni ya ukoo gani, wa zamani au wa juzi? Iko moja au ziko nyingi? Kumbukumbu ni kubwa kiasi gani? Unataka kusoma diski ya aina hii? Unataka usukani wa michezo? Redio ya masafa marefu? Kila swali lina jibu fupi: y, yaani ndiyo, n, yaani hapana, au m, yaani hicho kitu kikae pembeni, kitaitwa kikihitajika. Fundi anayejua kazi hujibu n, n, n, n, mpaka kidole kinachoka.

Mbele ya maswali hayo Yego alikuwa mtu mwingine kabisa. Mashine haikunji uso. Haikuulizi kwa nini umeibadilikia. Unaiambia hapana, nayo inaendelea na swali linalofuata bila kinyongo. Alikaa pale na chai yake ya maziwa akikataa vitu asubuhi nzima, na akitoka hapo alikuwa na uso wa mtu aliyetoka kuoga.

Kazi yake nzuri kuliko zote ilikuwa ya miaka mitatu nyuma, na aliifanya kwa ajili ya mkewe. Alida alifundisha darasa la kompyuta Kinyinya, darasa la ushirika wa wanawake wa ujenzi. Mnaijua Kinyinya ya sasa: kila kilima kina ghorofa linalopanda, na kila ghorofa lina wayede, wale wasaidizi wanaochanganya zege na kupandisha matofali kichwani. Alida aliwafundisha kuandika orodha za vifaa, kutunza stoo, kupiga hesabu za saruji kwenye jedwali. Ukipata cheti unaacha matofali, unakaa stoo na kalamu. Kompyuta zake zilikuwa kumi na nane, zilizoachwa na ofisi moja iliyokuwa ikihama jengo. Umri wa kila moja ulizidi miaka ishirini. Prosesa moja moja, kumbukumbu nusu giga, feni zinazokohoa.

Jean-Berchmans aliwajengea kerneli. Ukoo wa prosesa, alichagua ule wa zamani kabisa, wa juu kwenye orodha, kwa sababu ndio waliokuwa nao. Idadi ya prosesa, moja. Kumbukumbu kubwa, alichagua jibu linalosema imezimwa, kwa sababu hawakuwa nayo kubwa. Mengine elfu tano na ushee alikataa. Mashine zilizokuwa zikichukua muda wa kuchemsha maharage zikaanza kuwaka kabla Alida hajamaliza kuita majina. Siku ile alimwambia mumewe, "Papa Ihirwe, wewe kumbe ni fundi." Ihirwe ndiye mtoto wao. Yule bwana alitembea wiki nzima akicheka peke yake barabarani.

Basi hayo yangebaki hivyo, kila mtu na furaha yake, kama si imihigo.

Kwa asiyejua: imihigo ni ahadi za kazi. Mwanzo wa mwaka unaandika utakachotimiza, unatia sahihi, na mwezi wa sita unasomewa mbele ya watu ulichotimiza na ulichoshindwa. Ni desturi yenye maana, imewatoa wengi usingizini. Lakini mpe desturi yenye maana mtu anayependa rangi, uone atakavyoifanya.

Mtu huyo alikuwa mkurugenzi wao, Johnson Mugenzi. Alikulia Mwanza, na alijivunia Kiswahili chake kuliko shahada zake. Mrefu, mtanashati, mwenye viatu ambavyo vumbi la Kinyinya halikuvigusa, sijui kwa dawa gani. Hakuwa mtu mbaya, tusimwonee. Alikuwa mtu wa asilimia. Mwaka ule aliagiza kila kazi ya shirika iwekwe kwenye jedwali: kilichotekelezwa kijani, kinachoendelea njano, kisichotekelezwa nyekundu. Kila kazi. Mtu wa utawala akachukua faili la mipangilio ya kerneli ya Kinyinya, akaona y, m na n, akafurahi kwamba zimeshagawanyika zenyewe, akazipaka rangi. Likatoka jedwali jekundu kutoka juu mpaka chini.

Mugenzi alimwita Jean-Berchmans ofisini, siku kumi kabla ya mwisho wa mwezi wa sita.

"Hii ni nini?" aliuliza, akimgeuzia skrini.

"Ni mipangilio ya kerneli ya Kinyinya, Bosi."

"Naona nyekundu."

"Ndiyo, Bosi. Nyekundu ni vile ambavyo hatukuvihitaji."

"Kwa maana nyingine hatukuvitekeleza." Mugenzi aliegemea kiti. "Ndugu yangu Jean-Berchmans. Nikasimame mbele ya bodi, niwaambie tuliulizwa mambo elfu sita, na elfu tano tukajibu hapana? Asilimia kumi na saba? Mimi nimefeli Hisabati kule Mwanza, lakini hata siku hiyo nilipata ishirini na mbili."

Hapa ndipo palipohitaji mtu wa kusema: Bosi, hivi si vitu vya kutekelezwa, ni vitu vya kuchagua. Sentensi moja. Jean-Berchmans aliijua, ilikuwa imekaa kabisa kwenye ulimi. Akaimeza na mate.

"Ndiyo, Bosi," alisema.

"Na hapa. Ukoo wa prosesa. Ziko karibu ishirini, kijani ni moja tu, tena ya huku juu, ya zamani."

"Hapo inachaguliwa moja tu. Ukiichagua, nyingine zote zinajizima."

Mugenzi alifikiri. "Kama ni moja tu, basi iwe ya mwisho. Ya kisasa."

"Lakini mashine za Kinyinya, Bosi..."

"Mashine za Kinyinya zinastahili kuachwa nyuma? Wale akina mama wanastahili kuachwa nyuma?"

Jean-Berchmans alijibu kwamba hawastahili. Ndiyo, alisema hapana siku ile, mmesikia vizuri, na hata hapana hiyo ilikuwa ya kukubali.

"Na hii kumbukumbu. Imeandikwa imezimwa. Nani anaandika imezimwa kwenye imihigo? Kuna chaguo gani lingine?"

"Kuna giga nne, na kuna giga sitini na nne. Lakini zetu zina nusu giga."

"Ndiyo maana tunalenga juu. Weka sitini na nne. Na idadi ya prosesa weka sitini na nne pia, zilingane. Na kerneli ya zamani iondolewe kabisa, isibaki hata kama akiba. Ukiacha ya zamani unaonyesha hatujiamini. Tumeelewana?"

Mlishajua alijibu nini.

Sasa niwaeleze kitu kimoja cha ufundi, kisha sitawasumbua tena. Ukichagua kumbukumbu ya giga sitini na nne, kerneli hudai prosesa yenye uwezo fulani wa kuhesabu kumbukumbu kubwa. Prosesa za Kinyinya hazikuzaliwa nao. Na kerneli haina aibu ya binadamu. Ikiamka na kukuta prosesa haina inachodai, haijikazi, haijifanyi mgonjwa, inasema waziwazi na kusimama hapo hapo. Jean-Berchmans alilijua hilo kama anavyolijua jina la mtoto wake. Alijua tangu akiwa bado amesimama mbele ya meza ya Mugenzi.

Akaijenga. Siku tatu alikaa akijibu y. Usukani wa michezo, y. Redio ya masafa marefu, y. Kadi za televisheni za nchi ambazo hata bendera zake hakuwahi kuziona, y. Kila alipobonyeza tumbo lilimchoma, akanywa maziwa, akaendelea. Alipomaliza, jedwali lilikuwa kijani asilimia tisini na nane, na zile asilimia mbili zilizobaki ni zile koo nyingine za prosesa na ndugu zao, ambazo hata Mugenzi alikubali kuwa hazina namna. Waliijaribu kwenye kompyuta mpya ya Mugenzi, ikawaka. Mugenzi akajipiga picha nayo. Kerneli ya Kinyinya ilikuwa tayari kwa kila kitu duniani isipokuwa Kinyinya.

Lakini msimdharau kabisa. Pembeni, kwa siri, alihifadhi ile ya zamani kwenye flashi yake nyeusi iliyokwaruzika. Ile mpya aliiweka kwenye flashi ya ofisi, nyeupe, yenye nembo. Mpango wake ulikuwa huu: ripoti ipate kerneli yake, na mashine zipate yake. Mugenzi ataona kijani, wanawake watapata kompyuta zinazowaka, na hakuna atakayelazimika kumwambia mwenzake neno gumu. Ndivyo wanavyofanya watu wa ndiyo: wakishindwa kukataa mbele yako, wanakukatalia mgongoni.

Uzinduzi ulipangwa Ijumaa asubuhi darasani Kinyinya. Siku hiyo hiyo, saa nane mchana, watahini wangekuja kuwapa wanafunzi wa Alida mtihani wa cheti. Kumi na wanane, kila mmoja na mashine yake. Mtihani huo huja mara moja kwa mwaka.

Kati ya hao kumi na wanane alikuwepo Shakira, binti wa Nyamirambo, miaka sita ya kupandisha matofali, shingo imekakamaa kama ya mwanajeshi. Msimamizi wa jengo moja pale pale Kinyinya alikuwa amemwahidi kazi ya stoo kuanzia tarehe moja mwezi wa saba, mradi alete cheti. Alimwambia Alida habari hizo kwa sauti ya chini, kama mtu anayebeba mayai. "Mwalimu, iko kazi ya kukaa," alisema. Alida akaja kumsimulia mumewe jikoni, na kusimulia tena, mpaka Ihirwe naye akawa anaulizia mtihani wa Shakira utakuwa lini.

Alhamisi saa nne asubuhi kerneli ilikuwa iwekwe darasani. Jean-Berchmans alikwenda na flashi nyeusi mkononi na nyeupe mfukoni. Mugenzi akaja, ambaye hakutarajiwa, na mpiga picha nyuma yake.

"Ile yenye nembo iko wapi?" Mugenzi aliuliza. "Hiyo nyeusi itatuharibia picha."

Jean-Berchmans alitoa nyeupe mfukoni.

"Hii ndiyo yenye asilimia tisini na nane?"

"Ndiyo, Bosi."

Basi ikaingia kwenye mashine ya kwanza, picha ikapigwa. Ikaingia ya pili. Mugenzi alisimama pale mpaka ya kumi na nane, akihakikisha kwa macho yake kwamba kerneli ya zamani imefutwa kila mahali. Kisha akaamuru mashine zote zizimwe, zisiguswe, zifunikwe vitambaa. Kesho mgeni rasmi atabonyeza swichi moja, ziwake zote kwa pamoja. Saa sita walikuwa wamemaliza, mlango ukafungwa, na ufunguo akapewa Alida, naye akautundika nyumbani kwenye msumari wa siku zote, pembeni ya mlango wa jikoni.

Sasa hesabuni wenyewe. Alhamisi saa sita mchana. Mtu ana flashi nyeusi mfukoni, ana mke mwenye ufunguo, ana mchana mzima. Angemwambia Alida, "Mke wangu, nimeharibu, nipe ufunguo." Angepanda moto, yaani pikipiki ya abiria, mpaka Kinyinya, na kabla ya saa ya kulala kila mashine ingekuwa na kerneli yake, na Mugenzi asingejua kitu mpaka anakufa.

Lakini Mugenzi alikuwa amemwomba wakachague pamoja viti na turubai. Akaenda. Baada ya viti, kamati ya harusi ilikuwa inakutana Remera saa kumi na moja, yeye ndiye katibu, alikuwa ameshakubali. Akaenda. Aliandika kumbukumbu za kikao, ukurasa mmoja na nusu, kuhusu rangi ya vitambaa vya meza za ukumbini. Alikaa pale akiandika kwa mwandiko mzuri, na maharusi wenyewe hata leo akikutana nao njiani hawezi kuwatambua.

Alirudi nyumbani giza likianza. Alida alikuwa anapiga pasi kitenge cha kesho, anaimba kwa chini.

"Mashine zangu ziko salama?" aliuliza bila kuinua kichwa.

Jean-Berchmans aliutazama ufunguo kwenye msumari.

"Ndiyo," alisema, na akaomba maziwa.

Ijumaa ilikuwa nzuri kama siku za harusi. Turubai jeupe, viti vimevishwa vitambaa, chupa ya maji mbele ya kila mgeni. Wanawake kumi na wanane walisimama nyuma ya mashine zao, wamevaa fulana mpya zilizobana mabega, maana aliyeagiza saizi hakuwahi kumwona mtu anayebeba matofali. Hotuba zilikuwa tano. Mugenzi alisema tisini na nane mara kumi na moja. Kuna mtu alihesabu. Kisha mgeni rasmi akainuka, mama wa makamo mwenye miwani, akabonyeza swichi, na mashine kumi na nane zikanguruma kwa pamoja. Watu wakapiga makofi.

Feni zikakohoa. Skrini zikabaki nyeusi. Kisha yakatokea maneno meupe, yale yale kwenye skrini zote kumi na nane. Mgeni rasmi akasogea, akashusha miwani, akasoma kwa sauti, akitafsiri polepole kwa faida ya hadhira: kwamba kerneli hii inadai uwezo ambao prosesa hii haina, kwamba haiwezi kuwaka, na kwamba tafadhali tumia kerneli inayoifaa prosesa yako.

"Imeandikwa kwa adabu kweli," alisema mgeni rasmi.

Mshereheshaji, ambaye kazi yake ni kutoacha ukimya, akaomba makofi. Na yakapigwa, wallahi. Mugenzi akachukua kipaza sauti, akaeleza kwamba wageni wamejionea wenyewe: mfumo huu unajitambua, unaikagua mashine kwanza kabla ya kuwaka, na huo ndio usalama wa kisasa. Makofi mengine. Wageni wakakaribishwa sambusa chini ya turubai.

Alida hakupiga makofi. Alikuwa ameuliza swali moja tu, kwa macho, kutoka upande wa pili wa chumba, na Jean-Berchmans alikuwa ametazama viatu vyake.

Saa tano kamili akatoa flashi nyeusi. Kwa sababu hakukuwa na kerneli ya zamani ya kurudia, ilibidi kila mashine iwashwe kutoka kwenye flashi yenyewe, isubiriwe, iwekewe upya, izimwe, iwashwe tena. Dakika ishirini kwa moja, na flashi yenye uwezo huo ni moja. Hata mtoto anaweza kupiga hesabu hiyo: mpaka saa nane, mashine tisa.

Alianzia wapi? Alitaka kuanzia nyuma, ambako kulikuwa kumetulia. Mugenzi aliingiza kichwa mlangoni, akamwambia, "Anza na hizi za mbele, mpiga picha bado yupo." Akaanza na za mbele.

Shakira alikaa mstari wa tatu, wa kumi kuhesabu kutoka mlangoni. Tangu saa tano alikuwa amekaa pale, mikono mapajani, anatazama flashi nyeusi ikija kwake mashine moja baada ya nyingine. Ilifika saa nane kasoro dakika tano. Jean-Berchmans alichomeka, jasho likimdondokea kwenye kibodi. Mashine ikaanza kusoma. Ikawa inasoma watahini walipoingia na bahasha zao, na mkubwa wao, mtu mpole, akatazama saa, akasema mwenye mashine inayowaka abaki, asiye nayo atoke, mtihani unaanza. Alida alimwomba nusu saa. Mtahini alisema anasikitika, karatasi zimeandikwa muda, na muda wenyewe ni huu.

Shakira aliinuka. "Asante, Papa Ihirwe," alisema. "Umejitahidi." Hakusema kwa kejeli, ndilo baya lenyewe. Akachukua mkoba wake, akatoka na wenzake wanane, na kwa sababu ilikuwa bado mchana na ndani ya uzio wa ujenzi wa jirani kulikuwa na kazi, wanne kati yao walivua fulana mpya, wakavaa zile za zege, wakaingia zamu ya jioni.

Jumatatu ripoti ilitoka. Uzinduzi: umefanyika. Kerneli: asilimia tisini na nane. Picha zilionyesha wanawake wakiandika mtihani kwenye mashine zinazowaka, na zilikuwa picha za kweli. Kwenye ukurasa wa changamoto palikuwa na mstari mmoja, kwamba baadhi ya prosesa za walengwa hazikufikia kiwango. Jean-Berchmans aliletewa atie sahihi kama fundi mhusika. Alisoma mara mbili. Kalamu ilikuwa ya Mugenzi, nzito, ya dhahabu dhahabu hivi. Akatia sahihi. Akapewa cheti cha pongezi chenye fremu ya kioo. Kwa hiyo mtu mmoja, angalau, alitoka na cheti.

Jioni ile alikuwa amekaa sebuleni, fremu imelala kifudifudi kwenye kochi, simu ikaita. Alida alikuwa mezani akisahihisha madaftari. Sauti ya Mugenzi ilisikika mpaka kwake: bodi imefurahi sana, sasa kerneli ile ile iende darasa la Kicukiro, mashine thelathini, kabla ya mwisho wa wiki, inawezekana?

"Ndiyo, Bosi," alisema Jean-Berchmans.

Alipoiweka simu chini, Alida alikuwa ameweka kalamu. Hakuwa amekasirika, afadhali angekasirika. Alimtazama kama anavyomtazama mwanafunzi aliyeandika jibu la mwenzake.

"Papa Ihirwe. Ulijua?"

Alikuwa na mengi ya kusema. Alikuwa na Mugenzi, alikuwa na nembo, alikuwa na viti na turubai. Alifungua mdomo ayatoe yote. Lakini swali lilikuwa la y au n, na yeye ni fundi, alilitambua.

"Ndiyo," alisema.

"Alhamisi jioni, nilipokuuliza, ulijua?"

"Ndiyo."

"Na ufunguo uliuona pale."

"Niliuona."

Katika miaka yote ya kukubali, hizo ndizo zilizokuwa kweli tangu ile ya shangazi, na hakuna iliyomsaidia. Alida alinyanyuka, akautoa ufunguo kwenye msumari, akautia ndani ya mkoba wake, akafunga zipu. Kisha akarudi kwenye madaftari.

Asubuhi alivaa mapema kwenda Kinyinya kukaa na Shakira, ambaye ile kazi ya stoo ilikuwa imeshapewa mtu mwingine. Jean-Berchmans alisimama mlangoni na koti tayari mkononi, akamuuliza kama amsindikize.

"Hapana," alisema Alida, na akaenda zake.